Mumemteka Mwanangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeamka salama, alhamdulillahi. Mgongo wauma — ni hii kofia ninayomshonea mwanangu Hadi. Nataka imalizike kabla ya maulidi ya mtaa wetu, mwisho wa mwezi. Kichwa chake nimekipima kwa uzi, nikafunga fundo. Kichwa cha babake kabisa, Mungu amrehemu. Kikubwa! Nimemwambia, kacheka: "Kina mambo mengi ndani, Mama."

Mengi kweli. Mchana yuko dukani Tononoka, atoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Akirudi ni simu. Yeye na rafiki yake Beryl, msichana wa hukohuko Tononoka, babake yuko kazini bandarini, wana baraza lao la mtandaoni. Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri. Wameliita Kibarazani. Vijana wa kila pahali waingia wabishane: mahari, muguka, mifereji isiyotoa maji, viongozi, lipi halali lipi haramu. Abrar, mdogo wake, aniambia juzi walisikiliza watu elfu mbili. Nilidhani yuwanitania. Kibaraza chetu cha nje chakaa watu sita, wa saba husimama!

Jumatano, 10 Septemba

Beryl kaja leo kupanga mambo yao na Hadi. Nimewaandalia kaimati. Msichana ana adabu — akiingia avua viatu bila kuambiwa, "Masalkheri, Mama," kama mtoto wa hapa Kibokoni. Na msalaba wake shingoni. Nampenda.

Basi nikamwambia Abrar, ndoo utukue mai, yaani njoo uchukue maji. Akaanguka kwa kicheko. Ati Mama azungumza kama redio ya zamani! Nikasema, "Nyinyi musiniteke!" Beryl akatoa macho. "Nani anataka kukuteka, Mama?" Nyumba nzima ikavunjika mbavu. Hadi akamweleza: kwetu watu wa Mvita, kuteka ndiko kucheka. Beryl akasema, "Sisi ukituambia kuteka, ni maji ya kisimani. Ama ni zile gari hazina nambari."

Nikawaongezea kaimati sahanini.

Nikamwonyesha kwamba hizo t si moja. Ya kicheko ulimi wagusa meno. Ya maji ulimi warudi nyuma. Akajaribu, wapi! Hata Hadi na Abrar hawaiwezi. Masikio yao yamesomeshwa shule. Mimi nilisoma mpaka la saba tu, na bado nakumbuka mwalimu wa darasa la nne alivyonichapa vidole kwa neno hilo. Andika cheka, we mtoto! Ndiyo daftarini naandika cheka. Mdomoni nateka.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamepita watu wa mheshimiwa. Uchaguzi bado mbali lakini wao washaanza. Kila mlango pakiti ya mchele na leso. Nimepokea. Ningefanyaje — niwafungie mlango mbele ya majirani? Kijana wao akasema, "Jifunge kidogo, Mama, tupige picha." Nikajifunga.

Leso yenyewe pamba safi. Sura ya mheshimiwa imechapwa hapa nyuma, kwa hivyo nikikaa namkalia usoni. Nimecheka peke yangu.

Hadi sikumwambia. Hayapendi mambo hayo.

Jumapili, 14 Septemba

Ya Rabbi. Niandike tu.

Mada yao leo ilikuwa hiyohiyo: kupokea kitu cha mwanasiasa, ni dhambi au si dhambi? Abrar aliweka simu mezani, tukasikiliza pamoja, mimi na sindano yangu. Walizungumza vizuri. Msichana mmoja wa Kisauni akasema, "Mimi nitakula mchele wake na kura simpi. Dhambi iko wapi?" Beryl akamjibu, "Ukila umeahidi." "Nimeahidi nani? Tumbo?" Wakacheka. Hadi akaja polepole, sauti ya babake: aliyepokea ameuza ulimi wake. Kesho mfereji ukikauka atalalamika kwa mdomo upi? Mtu akamuuliza, na kwenu je? Akasema, "Kwetu hakiingii."

Nikajichoma sindano.

Hapo akaingia mmoja ajiitaye Simba wa Mbaraki. "Hakiingii? Basi huyu bi mkubwa ni nani?" Akaweka picha. Ni mimi. Mlangoni kwangu, leso kiunoni, pakiti mkononi, meno yote nje!

Hadi akataka kujibu. Na mwanangu alikuwa na kigugumizi utotoni. Miaka saba tulihangaika nacho, nikimsomea, nikimwambia polepole baba, vuta pumzi. Kikaondoka. Leo kikarudi mbele ya watu elfu tatu. "Ma— ma— ma—" Hakuweza kulimaliza neno mama. Wakamwiga! Mmoja, kisha kumi, kisha wote. Ma-ma-ma-ma. Kama mbuzi. Kicheko kile sijapata kukisikia. Vile vijiuso vya manjano vyenye machozi ya kicheko vyapanda kwenye kioo kama mapovu ya sufuria.

Nikamnyang'anya Abrar simu. Mimi ambaye sijaandika popote ila hapa. Nikaandika: "Mumemteka mwanangu. Mwenyezi Mungu awaona nyote. Mimi mamake Hadi." Nikabonyeza.

Hadi akatoka chumbani. Macho mekundu. Akaniangalia, akaangalia ile leso kwenye kamba. Akatoka. Simu amezima.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimegongewa asubuhi, nimetoka tu kwenye mswala. Beryl, nywele hazijachanwa, analia. "Mama, wamemchukua saa ngapi?" Nikamuuliza nani. "Hadi! Mama, umeandika mwenyewe!"

Nyuma yake watu. Mlango mpaka uchochoro wote. Wengine siwajui, wana kamera. Beryl akanionyesha simu. Picha ya mwanangu, maandishi mekundu juu yake: MAMA ATHIBITISHA, HADI WA KIBARAZANI AMETEKWA. Wameipokezana watu nusu milioni. Kuna watu Nairobi na Kisumu wamekesha wakimwombea. Na simu yake ilikuwa imezimwa, kwa hivyo kila aliyepiga alisadiki.

Nilijua! Beryl aliniambia Jumatano, nimeketi hapahapa nikala kaimati nikacheka. Lakini mtu akilia aandika kwa ulimi aliolelewa nao. Vile vidole alivyovichapa mwalimu ndivyo vilivyoandika.

Nikasema, "Beryl, mimi nilisema wamemcheka."

Akaketi sakafuni. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Saa nne Hadi akatokea, kofia ya zamani kichwani, amebeba mkate. Alilala Mbaraki kwa ami yake Sabir. Watu wakamrukia, wakamkumbatia, mama mmoja nisiyemjua akapiga vigelegele. Yeye haelewi. Anageuka tu, mkate mkononi. Kisha akaonyeshwa simu, akasoma.

Nilimwona akisoma. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumanne, 16 Septemba

Jana walimlilia. Leo wamemtukana. Msanii. Mwongo. Anatafuta kiki. Mama na mwana wamepanga!

Hadi akasema turekodi nieleze kwa mdomo wangu. Nikavaa buibui langu jipya, nikaketi, nikaeleza yote — t ya meno, t ya nyuma, mwalimu wa darasa la nne. Nilisema vizuri, naona. Wazee wawili wa Mji wa Kale wakaandika chini, ni kweli, ndivyo wasemavyo watu wa Mvita. Wengine: "Kiswahili gani hicho?" "Bibi anatufundisha t baada ya kula mchele." Wametengeneza wimbo, sauti yangu imekatwakatwa, t-t-t-t, na watoto wacheza. Abrar aliuzima nilipoingia. Nilikuwa nishausikia kwa jirani.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Hadi amepokea ujumbe wa mwanamke wa bara. Kamsomea Abrar, mimi nikasikia kutoka jikoni. Yasema: "Mwanangu ana miezi saba tangu achukuliwe. Juzi niliamka kukuombea wewe. Nyinyi hili neno ni mchezo?"

Hadi hakula. Wala mimi.

Alhamisi, 18 Septemba

Hadi ameniamkia. Nimemjibu. Basi.

Ile leso nimeikata vitambaa vya jikoni. Akaviona, akasema, "Sasa yafaa nini." Hakupandisha sauti. Hadi angenipigia kelele ningeshukuru.

Ijumaa, 19 Septemba

Msikitini, ami yake aniambia, watu wawili wamemwamkia Hadi "karibu kutoka utekwani". Mbele ya mihrabu! Kisha naye mwenyewe: "Shemeji, ungenyamaza tu." Ndiyo. Ningenyamaza.

Nimesali rakaa mbili, nimelia kwenye sijda mpaka mswala ukalowa.

Jumapili, 21 Septemba

Amefungua Kibarazani. Beryl alimkataza, mimi sikuwa na uso wa kumkataza. Walioingia hawakufika mia tatu, na wengi kwa kejeli. T-t-t-t. Akawaacha wakamaliza. Kisha akasema, leo sibishani na mtu. Akaanza kusoma majina. Ya vijana waliochukuliwa na hawajarudi. Jina, umri, mara ya mwisho alionekana wapi, amevaa nini, mamake aitwa nani. Alimaliza mmoja, akavuta pumzi, akaendelea. Wa kwanza kabisa alikuwa mtoto wa yule mwanamke wa miezi saba.

Hakushikwa na kigugumizi hata mara moja. Saa nzima.

Kikaondoka kile kicheko. Watu wakaingia, wakaingia — mwisho elfu tisa, kimya. Hata Simba wa Mbaraki kaandika, "Nisamehe, kaka." Na mwishowe Hadi akasema kila Jumapili atasoma, na atauliza ni nani aliyewachukua, mpaka ajibiwe.

Nilijivuna. Wallahi nilijivuna. Kisha nikaiogopa ile ahadi. Nimemfuata mlangoni kwake, nikamwambia kwa upole, baba, kuna mambo ya kuachia wakubwa. Akasema, "Mama, ukitaka kuniombea niombee. Usiniandikie tu."

Hata hilo limenifurahisha. Ni sentensi mbili.

Jumanne, 23 Septemba

Kofia imekwisha! Nimeipiga wanga, nimeianika kwenye bakuli, imekaa kama ya sultani. Nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango, pahali hawezi kutoka asiione. Ametoka. Kurudi vilevile, kichwa wazi. Ameiangalia, nadhani. Au ameangalia ukuta.

Abrar aniambia kuna gari nyeupe imesimama mwisho wa uchochoro tangu juzi. Nikamwambia, mji una magari mengi.

Alhamisi, 25 Septemba

Msumari mtupu!

Nimetoka kuchota maji, kurudi yeye ameshakwenda kazini na kofia haipo. Nimetafuta chini, labda imeanguka. Haikuanguka. Ameivaa! Amekwenda nayo Tononoka siku ya kazi, wala maulidi hayajafika.

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Leo nampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akirudi sitasema kitu kuhusu kofia. Nitajifanya sijaona.

Ijumaa, 26 Septemba

Hakurudi.

Wali uko vilevile. Abrar amepiga mpaka vidole vimechoka: hapatikani, hapatikani. Kwa ami yake Mbaraki hayuko. Kwa Beryl hayuko. Dukani alitoka Adhuhuri kwenda kusali, kompyuta ameiacha imewaka, barua ya mtu nusu.

Tumesema — nilisema mimi wa kwanza — amekasirika tena, atakuja kesho na mkate.

Saa tisa akaja Dzoro, yule auzaye madafu karibu na duka lao. Hakuingia, alisimama kibarazani, mkono ndani ya shati. "Mama Hadi, mimi sijaona kitu. Nimeokota tu." Akaitoa. Kofia yangu. Upande mmoja umekanyagwa, kiatu cheusi, alama yote imekaa juu ya mishono yangu.

Nikamshika mkono, sikumwachia. Nikamwambia, Dzoro, mwanangu, mimi pia mzazi. Akaangalia huku na huku, akanieleza. Jana, Adhuhuri. Gari nyeupe, haina nambari. Wanaume watatu. Walimshika mkono kama watu wajuanao, akadhani ni marafiki, mpaka kofia ikaanguka na Hadi akainama kuiokota, wasimwache aiokote. Wakaelekea upande wa Makupa. Kupita Kibarani huko, njia ya bara, nani ajua. "Usinitaje, Mama. Nina watoto wanne." Nikamwambia sitakutaja. Na hapa nimekutaja, nisamehe. Hapa hapasomwi na mtu.

Aliinama kuiokota.

Jumamosi, 27 Septemba

Nilikwenda kituoni na ami yake. Kijana wa polisi kwenye meza, mpole tu, umri wa Hadi. Nikaeleza. Akaniangalia sana. "Mama, wewe si ndiye yule wa t mbili?" Mwenzake akageuka, akaziba mdomo. "Sasa huyu mara hii ni ipi, amechekwa ama amechukuliwa?"

Ami yake Sabir akapiga meza. Yule kijana akasema pole, mzee, lakini mtu mzima ana haki ya kukasirika na watu wa kwao. Ngojeni. Nikamwonyesha kofia. Akasema kofia huanguka. Akaandika kitabuni, nikamwomba anisomee. Ameandika: "Ameondoka nyumbani."

Nikasema hakuondoka. Mwanangu alichukua kofia msumarini! Aliyekasirika hachukui kofia! Nitamweleza nani jambo la msumari?

Abrar ameandika mtandaoni kwa niaba yangu. Hakutumia lile neno. Kaandika "amechukuliwa na watu wasiojulikana", kaweka picha ya kofia. Majibu yamekuja haraka. Vile vijiuso vya manjano. Machozi ya kicheko. "Msimu wa pili." "Ngojeni kesho aje na mkate." "Hatudanganywi mara mbili, bibi." Abrar ajibu mmoja mmoja, wallahi ni kweli, wallahi ni kweli, mpaka nikamtoa simu mikononi. Mtoto wa miaka kumi na saba.

Mmoja tu ameandika kwa jina lake. Yule mama wa bara. "Naamini. Nikupigie?" Tumezungumza. Hatukuzungumza — tumelia, kila mmoja upande wake, kisha akaniambia mambo nitakayoulizwa: alivaa nini, kovu liko wapi, dawa gani anywa. "Andika kila kitu leo, dadangu. Baada ya mwezi utaanza kusahau, na utajichukia." Nimeandika. Shati la samawati. Kovu gotini, la baiskeli. Kichwa: nimepima tena ule uzi wenye fundo.

Jumapili, 28 Septemba

Maulidi leo. Wasikika wapiga matari mpaka huku. Dirisha nimelifunga, Mtume anisamehe, swalla Allahu alayhi wa sallam.

Beryl asema Kibarazani kitafunguliwa saa kumi, baada ya Alasiri, kama alivyoahidi Hadi. Atasoma majina Beryl mwenyewe. La mwisho, la Hadi, ataniachia mimi nilisome. Babake amemkataza, ami Sabir amenikataza. Beryl aniambia kwenye simu, "Mama, wakisikia sauti yako watacheka. Nakwambia mapema. Wewe endelea tu."

Kwa hivyo nimeandika karatasi ya kusoma. Mimi ni mamake Hadi. Ana miaka ishirini na nne. Alhamisi, Adhuhuri, Tononoka, shati la samawati na kofia niliyoshona mimi, mwanangu — na hapo nimesimama. Nimeandika "amechukuliwa", nikakata. Mzigo huchukuliwa. Nimeandika "ametoweka", nikakata. Hakutoweka, ameshikwa mkono. Abrar asema, "Mama, liandike lilelile. Ndilo lenyewe."

Ndilo lenyewe. Lakini maisha yangu yote neno lile mdomoni mwangu ni kicheko tu, na ile t nyingine ni ya maji, ya kata na ndoo. Sijapata kuisema juu ya mtu. Nimejifungia chumbani kwa Hadi nikajaribu. Ulimi wapenda meno, wakimbilia hukohuko ulikozoea. Nikaurudisha nyuma. Tena. Wamemteka. Si hivyo, hilo ni la kicheko. Wamemteka. Wamemteka. Mara ya tatu ikatoka sawasawa, safi, na nikasikia Abrar upande wa pili wa mlango akianza kulia.

Alasiri imeadhiniwa. Nisali kwanza. Beryl huyo, apiga hodi.